Saratani haifi kwa kunyimwa sukari

Familia nyingi zikiambiwa mgonjwa wao ana saratani, sukari huwa ya kwanza kuondolewa mezani. Chai hunywewa bila sukari, ndizi mbivu zinapigwa marufuku, hata uji unatiliwa shaka, kwa sababu saratani, wanasema, hula sukari. Wasemacho kina msingi. Miaka ya 1920 mwanasayansi wa Ujerumani, Otto Warburg, aliona kwamba seli za saratani hufyonza glukosi kwa pupa na kuichachusha hata penye oksijeni ya kutosha. Kipimo cha PET hutegemea tabia hiyohiyo: mgonjwa hudungwa sukari yenye mionzi, hupumzika kama saa moja, kisha kwenye picha uvimbe hung'aa kama kaa gizani. Ila ubongo nao, ulio mzima kabisa, hung'aa vilevile.

Hapo ndipo hoja ya kuunyima uvimbe chakula inapokwama. Ubongo huhitaji glukosi, kwa hiyo mtu akiacha wanga, ini hujitengenezea glukosi, hata kwa kumega protini ya misuli, na uvimbe wenyewe unaweza kugeukia mafuta na vijenzi vya protini kama glutamini. Anayekonda ni mgonjwa, na aliyepoteza misuli huhimili dawa kwa taabu. Sisemi chakula hakina lake: mwaka 2016 wataalamu wa IARC, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, walihusisha unene uliozidi na aina 13 za saratani. Unene hupandisha insulini na homoni nyingine zinazochochea seli kugawanyika. Lakini hayo hujengeka kwa miaka mingi; wiki mbili za kushinda njaa haziyafuti.

Kinachonishawishi zaidi kuliko kubana chakula ni mazoezi. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao CHALLENGE, uliofuatilia wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, wengi wao wa Canada na Australia, waliokwisha kufanyiwa upasuaji na kumaliza dawa. Nusu walipewa kijitabu cha afya. Nusu walipewa msimamizi wa mazoezi kwa miaka 3. Baada ya miaka 8, waliokuwa hai ni asilimia 90 ya wenye msimamizi, na asilimia 83 ya wenye kijitabu. Dawa ingeleta tofauti hiyo, tungeipigania.

Itasemwa wagonjwa wetu wanalima na kutembea tayari. Wapo, lakini karani na dereva wanaokaa kutwa nzima nao wanaugua. Itasemwa pia mgonjwa amechoka. Ni kweli, na maumivu ya misuli na viungo yaliongezeka kwa waliofanya mazoezi. Ndiyo maana walihitaji mtu wa kuwaongoza. Wala mazoezi hayachukui nafasi ya upasuaji au dawa. Gharama? Wengi walitembea tu, kwa mwendo wa haraka. Basi daktari anayemruhusu mgonjwa kwenda nyumbani amwandikie na mazoezi kwenye cheti: siku ngapi kwa wiki, dakika ngapi, na tarehe ya kurudi kueleza alivyoendelea.