Mpira wa kuchaji haumjui fundi viatu wa Kasulu

Picha za mipira ya Al Rihla ikichajiwa kwa waya kama simu zilizunguka dunia nzima wakati wa Kombe la Dunia la Qatar 2022. Shabiki wa Kasulu au Kibondo alikuwa na sababu yake ya kucheka. Mwaka huohuo ndipo Gridi ya Taifa ilipoanza kufika huko, baada ya miaka mingi ya kutegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO. Kwa maneno mengine, umeme wa gridi na mpira wa kuchaji vilikuja pamoja, ila kimoja kikaishia kwenye runinga.

Sasa imekuja Trionda, mpira wa Kombe la Dunia la 2026, uliotambulishwa Oktoba 2025. Una vipande vinne tu, na chipu yake safari hii haikai katikati ya mpira, imewekwa ndani ya kipande kimoja. Inapima mwendo wa mpira mara 500 kwa sekunde. Toleo linalouzwa madukani, tena bila chipu, ni dola 170 hivi za Marekani, zaidi ya Sh400,000. Kwa fedha hiyo timu ya kata inapata mipira kadhaa ya kawaida na nyavu juu yake.

Vijiweni ubishi umegawanyika. Wapo wanaosema haki itendeke, chipu oyee. Wapo wanaosema inaua utamu. Kundi la pili likitaka ushahidi linamtaja Romelu Lukaku, na ukiwa jirani na Nyarugusu, kambi iliyoko Kasulu iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, jina hilo si la kuchezea. Baba yake, Roger, aliichezea Zaire. Juni 17, 2024, kwenye Euro, Lukaku alitupia kambani dhidi ya Slovakia, Ubelgiji nzima ikaruka, halafu chipu ikasema Lois Openda aliugusa mpira kwa mkono kabla ya kutoa pasi. Bao likafutwa, Ubelgiji ikalala 1-0. Siku 12 baadaye beki wa Denmark, Joachim Andersen, naye alikutwa na mkasa kama huo mbele ya Ujerumani, mchoro ukaonekana kwenye skrini kama mapigo ya moyo ya mgonjwa, ikawa penalti.

Inauma, lakini aliyenawa amenawa. Anayelalamika leo akumbuke Juni 27, 2010, shuti la Frank Lampard lilivyogonga mwamba na kuvuka mstari mbele ya macho ya dunia nzima, isipokuwa macho ya waamuzi. Hapo chipu haina kesi.

Kesi ipo kwenye gozi lenyewe.

Turudi kwenye mashindano hayohayo ya Afrika Kusini. Mpira uliitwa Jabulani, kwa Kizulu maana yake shangilieni. Makipa hawakushangilia. Iker Casillas aliufananisha na mpira wa ufukweni, Julio Cesar wa Brazil akasema ni kama ile ya kununua supermarket. Hata washambuliaji, ambao kwa kawaida hufurahi kipa akiteseka, walinung'unika. Watengenezaji walikuwa wamejisifu kwamba ni mpira wa duara kamili kuliko yote iliyotangulia, umefanyiwa utafiti na Chuo Kikuu cha Loughborough cha Uingereza.

Tatizo likaja kujulikana. Jabulani ulikuwa na vipande vinane tu vilivyounganishwa kwa joto badala ya uzi, hivyo mishono ilikuwa michache na uso umelainika mno. Mpira ukipigwa bila kuzunguka, mishono ndiyo inayoikamata hewa na kuufanya utulie. Ikipungua, mpira unayumba ukiwa kwenye kasi ileile ambayo faulo nyingi hupigwa. Wataalamu wa NASA wa Marekani waliuweka kwenye mitambo ya upepo wakakuta hivyohivyo. Diego Forlan wa Uruguay ndiye aliyeonekana kuujulia, akaondoka na tuzo ya mchezaji bora wa mashindano.

Kipa wa Kibondo asiyeijua NASA anaijua habari hiyo tangu darasa la pili. Ule mpira mwepesi wa plastiki unaouzwa kwenye magulio hufanya vilevile: unautazama unakuja kifuani, unakupita sikioni.

Makelele ya 2010 yalisikika. Brazuca wa 2014 ulikuja na vipande sita lakini mishono mirefu na yenye kina zaidi, ukajaribiwa na wachezaji zaidi ya 600 kabla ya kutoka, na makipa wakanyamaza. Ni sawa. Ila walisikilizwa kwa kuwa ni kina Casillas. Dogo wa Makere anayecheza peku kwenye changarawe hajawahi kuulizwa gozi linamfaa vipi, na yeye ndiye anayecheza na matokeo ya mabadiliko hayo kwa miaka mingi zaidi.

Mpira wa zamani wa vipande 32 ulishonwa kwa uzi. Ukipasuka, unapelekwa kwa fundi viatu. Anafumua mshono mmoja, anatoa bladda, anabandika kiraka cha tyubu ya baiskeli, anairudisha, anashona. Jioni hiyohiyo mpira uko uwanjani, umevimba upande mmoja kama boga, lakini unachezeka. Unajazwa kwa pampu ya baiskeli na sindano moja inayotumiwa na timu tatu. Maisha ya mpira mmoja yanaweza kupita mikononi mwa fundi mara nyingi kuliko yanavyopita miguuni mwa straika.

Mpira wa kuunganishwa kwa joto na gundi hauna pa kufumua. Ukipasuka umekwisha. Wenye chipu ndiyo usiseme.

Mtu atauliza, mpira wa dola 170 hauji Kibondo, sasa kelele za nini? Kelele ni kwa sababu kinachovaliwa juu ndicho kinachoigwa chini. Baada ya kila mashindano makubwa, mipira ya bei rahisi yenye rangi za mpira rasmi hujaa madukani. Kilichoigwa ni rangi na gundi, uimara umebaki kwa mwenye mali. Kiangazi, udongo mwekundu ukishakauka na kokoto zimechomoza, mpira wa namna hiyo unaanza kuchubuka wiki ya kwanza, na wiki chache baadaye watoto wamerudi kwenye chandimu, matambara na mifuko iliyofungwa kwa kamba.

Si kwamba teknolojia haiwezi. Mwaka huohuo wa Jabulani, Mmarekani Tim Jahnigen alitoa mpira wa povu gumu usiojazwa upepo, One World Futbol, baada ya kuwaona watoto wakimbizi wa Darfur wakicheza na takataka zilizofungwa pamoja. Mwanamuziki Sting alitoa fedha za majaribio. Ukichomwa na mwiba unaendelea, hautaki pampu wala sindano. Una ladha yake tofauti mguuni, na mchezaji aliyezoea ngozi ataulalamikia, lakini aliyeubuni alianza na swali la uwanja wa mavumbi, kisha ndipo akatafuta malighafi. Kwa mipira ya Kombe la Dunia mwendo ni kinyume: kwanza runinga, kisha kipa, na changarawe haipo hata kwenye orodha.

FIFA ina mpango wa soka la mashuleni na hugawa mipira kupitia mashirikisho ya nchi. Hapo ndipo TFF na halmashauri za Kasulu na Kibondo zinapaswa kuwa wasumbufu, ziulize inayokuja inashonwa au inabandikwa, na kama inabandikwa, nani ataiziba. Mkoa wenye Mashujaa, timu iliyoing'oa Simba kwa penalti kwenye Kombe la Shirikisho Aprili 2024 pale Lake Tanganyika, haupaswi kupokea kila kitu kwa kupiga makofi.

Maana mwaka ukifika katikati kuna UMITASHUMTA. Mtoto aliyepiga chandimu mwaka mzima, mzito na usiodunda, anavalishwa jezi ya wilaya na kuwekewa mbele mpira mpya unaoteleza kama sabuni. Krosi yake ya kwanza inapaa juu ya goli, ya pili inaishia kwa watazamaji, na mwalimu anayechagua timu ya mkoa anakata jina kwenye daftari: dogo ana mbio, ila hana mguu.