Ng'ombe 1,164

Ng'ombe wa Lumbridge ana uhai wa pointi 8. Kila pointi unayompunguza inakupa pointi 4 za uzoefu, kwa hiyo ng'ombe mmoja ni pointi 32. Ili ufike kiwango cha 40 katika ustadi wa kushambulia, kile kinachokuruhusu kushika upanga wa rune, unahitaji pointi 37,224. Gawanya. Ukiua ng'ombe 1,163 utakuwa bado umepungukiwa pointi 8. Ukitaka nguvu na ulinzi navyo vifike hapo, zidisha mara tatu.

Hesabu hii naijua kwa sababu niliifanya, kisha nikaanza kuitekeleza. Machi 2020 vyuo vilipofungwa nilirudi nyumbani Morogoro na simu, bando la usiku na gemu moja: Old School RuneScape. Lumbridge ndiyo sehemu ya wageni katika gemu hilo. Ukishatoka kwenye kisiwa cha mafunzo unaangushwa hapo, kando ya ngome, ukiwa na kiwango cha 3 cha mapigano. Ukivuka daraja unakuta magoblini, kuku na zizi la ng'ombe. Ukifa, unafufukia hapo hapo.

Zizini nilipata ushauri ambao kila mgeni huupata: usitoke mpaka uwe na nguvu. Fika 40 kwanza. Nje kuna watu na mazimwi watakaokumaliza. Niliupokea kama wosia wa babu. Nikakaa na ng'ombe.

Leo nasema ule ushauri ni mbovu, na anayeutoa anastahili kubishiwa.

Gemu inaziita zile namba uzoefu. Uzoefu wa nini? Ng'ombe wa kwanza anakufundisha kubonyeza. Wa kumi anakufundisha kula chakula kabla damu haijaisha, ingawa hata hilo ng'ombe hakulazimishi. Wa 1,164 hana jipya hata moja. Namba inapanda na wewe umebaki yule yule, ila sasa una sababu ya kuamini kwamba unasonga mbele. Hapo ndipo ubaya wa sehemu salama ulipo. Ingekuwa inachosha tu, tungeondoka mapema. Inatulipa kidogo kidogo, mara kwa mara, na malipo yale yanafanana mno na maendeleo.

Mdogo wangu alikuwa kidato cha pili, shule nazo zimefungwa. Akaanza gemu wiki tatu baada yangu, kwa simu ya mama, na siku ya pili akashika njia ya kaskazini kwenda Varrock. Kusini mwa mji ule kuna mawe yaliyopangwa duara, na wachawi wa giza wanaokaa hapo hawaulizi mtu anatoka wapi. Walimuua. Akarudi, wakamuua. Mara ya tatu nikamwambia, kwa sauti ya mkubwa anayejua, "Si nilikuambia ukae kwanza kwenye ng'ombe?" Mara ya nne alipita mbali na yale mawe, akaingia mjini, akanigeukia: "Kaka, kumbe wale ukiwakwepa mapema hawakufuati."

Mimi sikulijua hilo. Nilikuwa na viwango mara tano ya vyake, na sikujua.

Jumamosi ile akachukua misheni ya kumuua mnyonya damu wa Draynor. Haina malipo, yeyote anaweza kuifanya. Unashauriwa utafute kitunguu saumu, na inakutaka uwe na nyundo, kisha uende baa moja ya Varrock ukamnunulie bia mzee mlevi ili akupe kigingi. Mnyonya damu mwenyewe ana kiwango cha 34. Dogo alikufa naye mara mbili. Mara ya tatu alishinda, akapewa pointi 4,825 za kushambulia kwa mkupuo, zinazotosha kumtoa mtu kiwango cha 1 hadi cha 20. Ni karibu ng'ombe 151. Lakini pointi ni sehemu ndogo ya alichopata. Njiani alikuwa amejua benki iko wapi, chakula gani ni rahisi, na kwamba mtu anayejitolea kukupambia deraya bure hukimbia nayo.

Najua hoja itakayoletwa: kupoteza kuna gharama. Bando linaisha, mtandao unakwama katikati ya pigano, na si kila mtu ana cha kuchezea. Ni kweli, na kwangu hoja hiyo ni nzito kuliko hofu ya wachawi. Lakini tazama sheria zenyewe za gemu. Ukifa njiani, vitu vyako vitatu vya thamani zaidi unabaki navyo, na vingine una muda wa kuvirudia. Basi usibebe kila ulicho nacho. Acha mali benki, chukua upanga na mikate, nenda. Asiye na kingi ana sababu ya kupima anachobeba. Kutokwenda kabisa hakumkingi na umaskini, kunamweka nao.

Hoja nyingine ni ya Doubleagent, yule mhusika wa World of Warcraft aliyebaki kisiwa cha wageni cha Mists of Pandaria, akakataa kuchagua upande, na akafika kiwango cha 90, cha juu kabisa wakati ule, kwa kuchuma mitishamba na kuchimba madini. Namvulia kofia. Yeye kubaki ndilo lilikuwa lengo lake. Wengi wetu hatukuamua kubaki. Tuliahirisha kuondoka, siku hadi siku, tukaiita subira.

Chuo kilipofunguliwa Juni nilimaliza mwaka wangu wa mwisho. Baada ya hapo nilisoma kozi fupi nne. Nina vyeti vinne kwenye faili moja la plastiki. Tangazo la kazi likitaja uzoefu wa miaka miwili nilikuwa nalifunga na kutafuta kozi ya tano, na wazee wakinisifu kwamba kijana anajiandaa. Kwa muda wa mwaka mzima na miezi hakuna aliyenikataa, kwa sababu hakuna niliyemwomba. Wale waliokuwa wakinishauri nijiandae kwanza hawakuwahi kuniambia kujiandaa kunaishia wapi.

Kwenye gemu nilikuwa na ngozi za ng'ombe mamia kadhaa benki. Nilizitunza nikisubiri siku ya kuzigeuza mali. Fundi wa kulainisha ngozi yuko Al Kharid, na lango la Al Kharid liko jirani na lile zizi. Kutoka ng'ombe wa mwisho ni hatua chache. Mlinzi alikuwa anadai sarafu 10. Sarafu nilikuwa nazo tangu siku ya kwanza.

Nililipa Agosti, baada ya dogo kuniuliza ngozi zote zile ni za nini.