Krismasi, joto la Dar na wazee wa theluji

Najua nimepotea wiki mbili tatu, mtanisamehe, mitihani ilikuwa imenikaba koo. Sasa tumemaliza, hosteli imebaki kama mahame, na leo nataka kufunga ubishi ulioanzia chumbani kwetu.

Ilikuwa Jumamosi usiku, nimemweka Bing Crosby kwa sauti ya chini. Mwenzangu wa chumba, Mchaga anayehesabu siku za kwenda Moshi, akaniuliza kama nina akili timamu. "Feni imekufa, tunatokwa jasho, na wewe unasikiliza mzee wa Kizungu anaililia theluji? Halafu Yesu mwenyewe hatajwi!" Watu wakacheka, nami nikacheka. Ila sijakubali.

Nusu ana haki. Nyimbo nyingi za akina Crosby hazina hori wala wachungaji. Ukitaka Krismasi ya kanisani, kasikilize kwaya, hata mimi utanikuta huko. Lakini hilo la theluji ndipo anapokosea.

Sikieni. White Christmas aliitunga Irving Berlin, Myahudi aliyezaliwa katika dola ya Urusi mwaka 1888. Ubeti wake wa kwanza, ambao Crosby aliuruka kwenye rekodi yake ya 1942, unamweka mwimbaji Los Angeles, penye jua na michungwa! Yaani jamaa yuko kwenye joto kama sisi, anakumbuka asichonacho. Na Berlin huyo alifiwa na mtoto wake mchanga wa kiume siku ya Krismasi yenyewe, mwaka 1928. Crosby aliuimba redioni tarehe 25 Desemba 1941, siku 18 tu baada ya Pearl Harbor kushambuliwa. Wanajeshi waliokuwa mbali na kwao wakaung'ang'ania. Kufikia 1947 ilibidi aurekodi upya kwa sababu rekodi mama ilishachakaa kwa kutolewa nakala. Sasa niambieni, huo ni wimbo wa theluji au wa mtu aliye mbali na nyumbani?

Chukua na Nat King Cole. The Christmas Song, ule wimbo wa moto wa kuni na baridi ya nje, Mel Tormé na Bob Wells waliutunga California mwaka 1945, wakati wa kiangazi, joto limewazidi. Cole akaurekodi 1946. Mwaka 1948 akanunua nyumba mtaa wa Hancock Park, Los Angeles, na majirani weupe wakapinga kabisa mtu mweusi kuhamia pale. Mwaka 1956 akavamiwa na wazungu jukwaani, Birmingham, Alabama, akiwa katikati ya kuimba. Na bado mwaka 1961 akaurekodi tena, ndiyo ile sauti tunayoisikia wengi mpaka leo. Mtu aliyekataliwa na majirani ndiye anayewaimbia watu raha ya kukaa nyumbani. Mimi hapo huwa nanyamaza.

Siwatetei wote lakini. Have Yourself a Merry Little Christmas ulitoka kwenye filamu ya mwaka 1944, Judy Garland akiimba katika familia inayojiandaa kuhama. Ulikuwa na huzuni yake ya haki. Mwaka 1957 Frank Sinatra akamwomba mtunzi, Hugh Martin, auchangamshe. Sauti ya Sinatra ni asali, sikatai, ila hapo alichemsha. Huzuni ndiyo iliyokuwa uzima wa ule wimbo. Na wenye maduka wanaotufungulia nyimbo hizi kwa spika kubwa kuanzia Novemba ili tununue mafriji, nao wanaziua. Hawa ni waimbaji waliozaliwa na maikrofoni. Kabla yake ulilazimika kupaza sauti ukumbi mzima ukusikie. Baada yake ukaweza kumwimbia mtu mmoja sikioni. Sasa ya sikioni unaipigia tarumbeta ya nini?

Nakiri, nina kesi yangu binafsi. Marehemu baba alikuwa na kanda moja ya Krismasi, Jim Reeves, zile nyimbo 12 za mwaka 1963. Reeves alikufa kwa ajali ya ndege Julai 1964, kwa hiyo santuri yake ile aliionja Krismasi moja tu. Baba aliijua yote na maneno ya Kiingereza alikuwa anayakosea vibaya mno. Mwaka huu bumu limeisha, nauli ya Songea sina, na mama anasema kanda ipo kabatini lakini hana moyo wa kuiweka.

Basi nitaiweka mimi, huku huku. Anayebaki hosteli mkesha wa tarehe 24 anigongee mlango. Chai ipo, na sauti itakuwa chini.

Krismasi njema jamani, na mnaosafiri mfike salama.