CHUMBA CHA MWANAFUNZI WA UDAKTARI



Naomba nafasi katika kurasa za gazeti letu niseme na ndugu zangu makarani juu ya jambo ambalo kwa kulitazama tu laonekana dogo, walakini limekwisha kuwapotezea vijana wetu faida kubwa. Jambo lenyewe ni hili: kijana akipata nafasi ya kusoma udaktari, akae wapi? Twashughulika sana na ada, vitabu, koti jeupe na nauli ya safari. Habari ya mahali pa kulala twaiacha hata siku ya mwisho, kisha twaiamua kwa swali moja tu, yaani, wapi ni rahisi? Nataka kuonyesha ya kuwa swali hilo moja halitoshi, nami nimelijua hilo kwa kukosea mwenyewe.

Zamani jambo hili halikuwasumbua sana wazee wetu. Mafundisho ya udaktari yalianza Mulago, mjini Kampala, mwaka 1924, na kijana wa Tanganyika aliyechaguliwa alikwenda Makerere akapata kitanda na chakula huko huko, na hospitali ya kujifunzia ilikuwa juu ya kilima cha jirani. Hapa kwetu chuo cha udaktari kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963. Mwaka 1968 kikaingizwa katika Chuo Kikuu, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili chenye jina la Muhimbili. Hospitali za KCMC huko Moshi na Bugando huko Mwanza, zilizofunguliwa zote mbili mwaka 1971, nazo zina vyuo vyao. Basi nafasi za masomo zimeongezeka, nasi twashukuru. Lakini vitanda vya mabweni havikuongezeka kwa kadiri ile ile. Hivyo wazazi na walezi wengi yawapasa kutafuta chumba mjini, na wengi wetu tu wageni katika mji huo.

Mimi kazi yangu iko mikoani. Mdogo wangu, ambaye nimemlea tangu marehemu baba yetu alipotutoka, alipata nafasi katika chuo kimoja cha udaktari mjini Dar es Salaam. Shangazi yetu ana nyumba Chanika, naye alitupokea kwa moyo mweupe, akasema ni aibu mtoto wa kaka yake kupanga chumba na hali yeye yu hai. Nilifurahi. Nilihesabu kodi ya miezi sita ambayo mwenye nyumba angetaka kwa mkupuo, na mwezi mmoja zaidi wa dalali, nikajiona mtu mwenye busara kwa kuziokoa fedha hizo.

Miaka miwili ya kwanza ilipita salama. Katika mwaka wa tatu nilipata likizo, nikaenda kuwaamkia. Siku ile niliketi barazani na shangazi hata saa nne usiku, kijana hajarudi. Alifika karibu na saa tano, akanipa shikamoo, akala ugali uliopoa, akafungua kitabu, na kabla sijamaliza kumwuliza habari za masomo alikuwa amelala juu yake. Saa kumi alfajiri nilisikia ndoo. Alikuwa akijaza pipa la maji ya nyumba kabla ya kwenda kupanda gari, maana yeye ndiye kijana wa kiume pekee mle ndani. Nilitoka uani nikamwuliza kwa nini hakuniandikia. Akajibu, "Kaka, hapa ni nyumbani. Nitasemaje?"

Jibu lile lilinishinda. Mwaka ule somo moja lilimwangusha, akalirudia wakati wenzake wako likizoni. Simlaumu shangazi hata kidogo. Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Naye alimpa kijana jembe kama ampavyo mwanawe. Wala simlaumu kijana. Kosa lilikuwa langu mimi niliyehesabu kodi nisihesabu saa.

Nasi makarani kazi yetu ni kuhesabu, basi na tuhesabu. Kijana yule alikuwa barabarani saa tatu na nusu kila siku, kwenda na kurudi, kwa magari mawili. Kwa siku sita ni saa 21 kila juma. Kwa majuma 40 ya masomo ni saa 840, ambazo ni siku 35 kamili, usiku na mchana. Tena kuna nauli ya magari hayo, na chakula cha kununua kwa kuwa hawezi kurudi kula mchana. Nilipoyaandika yote katika karatasi moja, niliona ya kuwa sehemu kubwa ya kodi niliyojidai kuiokoa ilikuwa imetoka kidogo kidogo kwa mlango mwingine, na zile siku 35 hazikuwa na wa kuzirudisha. Rahisi huvunja upishi.

Huenda mtu akasema, "Mbona wanafunzi wa masomo mengine hukaa mbali na hufaulu?" Ni kweli, lakini masomo ya udaktari yana desturi yake. Mafundisho huchukua miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Mwanzoni kijana hujifunza zaidi darasani na maabarani, na saa zake zajulikana. Baadaye hupelekwa wodini, na huko mwalimu wake ni mgonjwa. Mgonjwa hana ratiba. Mama hujifungua saa nane za usiku. Aliyeumia barabarani huletwa usiku wa manane. Daktari mkubwa huanza kuzungukia vitanda asubuhi mapema, na mwanafunzi yapasa awe amekwisha kuzungumza na mgonjwa wake na kumpima kabla mkubwa hajafika. Aondokaye jioni kuwahi gari la mwisho huacha nyuma yake somo ambalo hataliona kitabuni. Kwa hiyo chumba kilichofaa katika mwaka wa kwanza chaweza kuwa kizuizi katika mwaka wa tatu, nasi hatuna budi kulitazama jambo hili upya kila mwaka.

Sasa nitoe rai yangu, nikitumia mfano wa Muhimbili, maana wengi wa wasomaji wetu wapajua mahali pale.

Kwanza, bweni la chuo likipatikana, lichukuliwe, hata kama ni la kulala watu wengi chumba kimoja. Kelele za wenzake zaweza kuvumiliwa, lakini umbali ni adui wa kila siku. Kwa binti zetu nasema hivyo kwa mkazo zaidi, kwa sababu ya njia za usiku. Bweni likikosekana, binti apangishiwe na mwenzake mahali penye ua na mlango unaofungwa, na njia yake ya kurudi iwe na taa na watu.

Pili, kabla ya kulipa chumba, mlezi au mtu wake aipite njia yenyewe saa kumi na moja alfajiri, na tena saa nne usiku. Wengi huonyeshwa chumba na dalali saa nne ya mchana, jua likiwaka na magari yakiwa tele, kisha husema pako karibu. Ukaribu wa mchana si ukaribu wa usiku.

Tatu, itazamwe mvua. Hospitali ya Muhimbili iko Upanga, na kati yake na Magomeni kuna bonde la mto Msimbazi. Magomeni ni karibu sana kwa macho, na mabasi ya mwendo kasi, yaliyoanza mwaka 2016, huipita njia hiyo. Walakini bonde lile la Jangwani limepata kujaa maji hata barabara ikafungwa, kama ilivyokuwa katika mafuriko ya Aprili 2018. Ilala na Kariakoo ziko upande ule ule wa hospitali, na kijana mwenye miguu yake hufika bila kuvuka bonde. Kariakoo ni ghali na ina kelele za biashara; Ilala mara nyingi hupatikana chumba cha wastani katika nyumba za Kiswahili zenye ukumbi wa katikati. Upanga penyewe ndipo karibu kupita pote, lakini kodi yake haifanani na mshahara wa karani, isipokuwa vijana kadhaa wakishirikiana.

Nne, iulizwe chuoni kijana atapelekwa hospitali gani, na lini. Hospitali ya Mloganzila, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2017, iko zaidi ya kilomita 20 kutoka Upanga, kwenye njia ya Morogoro. Mtu aweza kulipa mwaka mzima Ilala akiambiwa ni karibu na masomo, kisha akajikuta masomo yamehamia Kibamba. Kwa hiyo mwenye nyumba akikubali miezi mitatu au sita, usilipe mwaka.

Tano, chumba kiwe cha wawili au watatu wa darasa moja. Kodi hugawanyika, na masomo huongezeka. Mmoja hushika kitabu na kuuliza majina ya mifupa na mishipa, mwenzake hujibu. Mmoja akiwa zamu ya usiku, wengine humwekea chakula. Lakini waandikiane tangu mwanzo nani alipa nini, pamoja na umeme na maji, nasi walezi tuyaone maandiko hayo. Urafiki mwingi umevunjwa na fedha ya umeme.

Najua yapo majibu mawili mazito. La kwanza ni kwamba kijana akikaa peke yake ataharibika tabia, lakini nyumbani kwa jamaa atatunzwa. Siwezi kulidharau neno hili, maana mji una mitego yake. Hata hivyo, kijana wa Chanika niliyemweleza alikuwa akitunzwa tabia, na akili yake ilikuwa ikichoka. Wenzake wa chumba wakichaguliwa vema, watamtazama kuliko jamaa aliyelala wakati yeye anapoingia.

La pili ni heshima. Tukimtoa mtoto katika nyumba ya shangazi, si tumemtukana shangazi? Hili ndilo lililonichelewesha mimi. Mwisho nilikwenda mwenyewe, sikutuma barua, nikaketi chini nikamweleza saa za wodini na saa za barabarani. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, mbona hukuniambia? Mimi nilidhani shule hufungwa saa kumi." Wala hakukasirika. Kijana akahamia Ilala na wenzake wawili, na kila Jumapili asiyokuwa na zamu huenda Chanika kumwona, na ndoo ya maji bado huijaza. Leo yuko katika mwaka wake wa utarajali. Sisemi chumba ndicho kilichomfaulisha, maana kusoma alisoma mwenyewe. Nasema chumba kilimwachia saa za kusoma.

Kwa hayo naleta shauri moja mbele ya wanachama. Wengi wetu tulio mikoani hatujui mji, na wengi walioko Dar es Salaam, Moshi na Mwanza wana vyumba katika nyumba zao, au wawajua wenye nyumba waaminifu. Kila tawi la miji hiyo na liweke daftari la vyumba: mtaa, dakika za kwenda kwa miguu hata hospitalini, kodi, miezi itakiwayo, habari za maji na mlango. Karani hashindwi kuandika daftari kama hilo, na gharama yake ni kalamu. Mwanachama wa Kigoma au Songea akipata barua ya kijana wake kukubaliwa chuoni, amwandikie katibu wa tawi kabla ya kumwandikia dalali.

Aliye na rai bora kuliko hii, au aliyeona mambo kwa namna nyingine, na aandike katika toleo lijalo. Vijana huingia vyuoni kila mwaka, nasi hatujachelewa.

Ni mimi ndugu yenu,
KARANI WA MIKOANI