Karatasi Ipite, Mchoro Uwe na Mwenyewe

Risala ya wachora vijisanamu vya karatasi na wachezaji wa michezo ya mezani wa Busia na Tororo, kwa viongozi wa pande zote mbili za mpaka

Waheshimiwa viongozi wa Kaunti ya Busia, Wilaya ya Busia na Wilaya ya Tororo. Maafisa wa forodha na wa elimu wa Kenya na Uganda. Machifu na wenyeviti wa LC (mabaraza ya mitaa ya Uganda). Nanyi wenye maduka ya kuchapisha:



Sisi tunaoleta risala hii ni wachoraji, walimu, wanafunzi na wazazi wa pande mbili za mpaka. Tunachora watu, wanyama na vyombo vidogo vya karatasi, tunavituma kwa simu bila malipo, na kila anayevipokea huvichapisha, huvikata na kuvichezea mezani pamoja na wenzake. Kilio chetu kikubwa ni cha mambo mawili. Mpakani karatasi zetu hushikwa kana kwamba ni shehena ya tajiri, na dukani michoro yetu huchukuliwa kana kwamba haina mwenyewe. Tunaomba mambo hayo mawili yageuzwe: karatasi ipite, mchoro uwe na mwenyewe.

SEHEMU YA KWANZA: KAZI YETU

Kwa faida ya wasioijua kazi hii, tunaieleza kwa ufupi. Kijisanamu huchorwa mara mbili kwenye karatasi ya manila, mbele na nyuma, vichwa vikikutana kwenye mstari wa kukunjia. Unakunja, unapaka gundi, unaacha ikauke, ndipo unashika mkasi. Anayekata kabla ya kubandika hupata tumbo na mgongo visivyolingana. Pembeni huachwa ukingo wa milimita mbili, nao hupitishwa maka nyeusi ili weupe wa karatasi usionekane. Chini kuna nusu duara mbili zinazokunjwa nje, moja mbele na moja nyuma, zikafanya duara la milimita 25 linalobandikwa ndani ya kizibo cha soda kilichogeuzwa. Kizibo ndicho kinachomsimamisha mtu wetu hata upepo wa dirishani ukipita. Uwanja ni karatasi ya A4 yenye miraba 40, mitano kwa minane, na kila mraba una milimita 35 ili vizibo viwili visigongane.

Kazi hii haikuzaliwa leo. Mjini Strasbourg, katika karne ya 18, wachapishaji waliuza askari wa karatasi wa kukatwa kwa mkasi. Mwaka 1913 Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu kizima, Little Wars, kuhusu vita vya askari wa kuchezea. Mwaka 1974 Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, na michezo ya kusimulia hadithi kwa dadu ikaenea duniani. Sanamu za plastiki na za madini zinazotumika huko ni ghali, na hapa kwetu mzazi hawezi kununua hata kikosi kimoja. Karatasi ndiyo iliyotufungulia mlango. Kwa upande wa mchezo wenyewe hatukuwa wageni: wazee wetu wamecheza omweso, mashimo 32 na kete 64, tangu zamani, nasi hatujauacha.

Tunachochora ni habari za hapa. Mchezo mmoja unahusu miaka ya kahawa. Barafu iliunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ikapanda duniani kote, na kahawa ya Uganda ikavushwa usiku kwa punda na kwa vichwa vya watu hadi soko la Chepkube, chini ya Mlima Elgon. Mchezaji mmoja ana punda watatu, mwingine ana askari wa doria, wa tatu ni mama mwenye gunia moja na watoto wa kulisha. Mchezo mwingine ni wa vijana wa baiskeli waliobeba abiria na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka vya Busia kabla pikipiki hazijaingia, wale walioanzisha boda boda inayojulikana leo Afrika Mashariki nzima. Wa tatu unaanza mwaka 1902, Jimbo la Mashariki la Uganda lilipotiwa katika himaya ya Waingereza iliyokuja kuwa Kenya. Katika mchezo huo familia ya Kisamia haihami hata hatua moja. Ni mstari unaohama, na kila ukihama watu wa nyumba moja wanatakiwa waseme wao ni wa wapi.

SEHEMU YA PILI: MALALAMIKO

Kwanza, mpakani. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa tarehe 24 Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, na tangu hapo msafiri humaliza shughuli zote upande anaoingia. Kwa madereva wa malori na abiria ni jambo la kushukuru. Kwa mwenye bahasha ya vijisanamu, kuvuka mpaka bado ni kubahatisha. Leo ataambiwa ni vitabu, apite. Kesho ataambiwa ni vitu vya kuchezea, alipe. Keshokutwa ni matangazo ya biashara, aonyeshe kibali. Bahasha ni ileile na aliyeibeba ni yuleyule.

Tunajua upo utaratibu mwepesi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa wafanyabiashara wadogo. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa umetoka ndani ya Jumuiya na bidhaa yake imo katika orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti chepesi cha asili palepale mpakani na hautozwi ushuru wa forodha. Aliyeuliza kuhusu karatasi zetu hakuonyeshwa mstari wowote unaozitaja. Matokeo yake vijana wanapita njia za panya wakiwa na karatasi ambazo hazina kosa lolote. Siku wakikamatwa, kosa lao ni njia waliyopita, si walichobeba.

Ajabu ni kwamba mchoro uleule ukitumwa kwa WhatsApp unavuka mpaka kwa sekunde chache bila kuulizwa na mtu. Mtauliza kwa nini basi kila mmoja asichape kwao. Jibu ni kwamba printa nzuri ya rangi na manila nzito haziko kila kijiji. Aliye karibu nazo huwachapia wenzake wa ng'ambo, kisha bahasha ndiyo inayosafiri.

Pili, madukani. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: bila maduka ya kuchapisha kazi yetu isingekuwepo, na tunajua tangu mtaala wa umilisi uingie Kenya maduka hayo hufurika wazazi wenye kazi za watoto usiku na mchana. Lakini tuna malalamiko mawili. La kwanza ni la vipimo. Mhudumu huacha kompyuta ipunguze ukurasa ili ujae kwenye karatasi, na duara la milimita 25 likatoka na 23. Kijisanamu kinacheza ndani ya kizibo, kinainama, na karatasi ya manila imeshalipiwa. La pili ni zito zaidi. Faili linabaki kwenye kompyuta ya duka, jina la mchoraji linafutwa chini ya ukurasa, na baada ya wiki mbili michoro inauzwa sokoni ikiwa imetiwa kwenye plastiki kama bidhaa ya duka. Mmoja wetu alikuta punda wake wa Chepkube wakiuzwa kwa wazazi kama “wanyama wa kufugwa”. Alipouliza, aliambiwa kwamba kitu cha bure hakiibiwi.

Waheshimiwa, kutoa si kutupa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 na ile ya Uganda ya mwaka 2006 zote zinalinda kazi ya sanaa kwa maisha yote ya aliyeibuni na miaka 50 baada ya kifo chake. Hatukuona mahali zinaposema kwamba anayegawa amepoteza haki yake. Ruhusa yetu iko wazi na imeandikwa kwenye kila ukurasa: chapa ucheze, chapa ufundishe, chapa umpe jirani, usiuze mchoro, usifute jina. Duka likitoza wino, karatasi na kazi ya mhudumu, ni haki yake. Likitoza punda, limetoza lisichokichora.

Tatu, kuitwa wacheza kamari. Dadu zetu nazo ni za karatasi, na kwa macho ya wengi dadu haina kazi nyingine ila kamari. Vikao vyetu vimewahi kuvunjwa na vifaa kuchukuliwa visirudishwe. Hakuna shilingi inayowekwa mezani petu, ya Kenya wala ya Uganda. Dadu huamua kama punda amevuka mto au amekwama matopeni. Wapo pia majirani wanaoona watu wadogo wamepangwa safu juu ya meza wakaanza kunong'ona habari za uchawi. Minong'ono hiyo huwaumiza zaidi wasichana, kwa sababu wao ndio wanaokatazwa kuja tena.

Nne, shuleni. Tumebisha hodi tukajibiwa kwamba michezo ni ya uwanjani na karatasi ni ya mitihani. Sisi tunaona shule zinakosa msaada ulio jirani. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima. Kanuni za michezo yetu zimeandikwa kwa Kiswahili. Mtoto anayezungumza Kidhopadhola au Ateso nyumbani, na anayeona haya kufungua mdomo darasani, huongea bila kusukumwa anapobishana bei ya kuvusha gunia lake. Historia ya mpaka nayo anaielewa akiwa amekaa upande wa mama mwenye gunia, na baada ya nusu saa amehamia upande wa askari.

Tano, vifaa. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, hapa jirani Bungoma, kilifungwa mwaka 2009 baada ya kuyumba kwa muda mrefu, na manila tunayonunua leo imetoka mbali. Wengi wetu tunabandika karatasi nyembamba juu ya maboksi ya dawa ya meno na kalenda za zamani. Bando la intaneti la upande mmoja mara nyingi halimfai mtu akivuka, kwa hiyo mchoraji wa mpakani hubeba laini mbili na hulipa mara mbili.

SEHEMU YA TATU: MADAI

Kwa kuzingatia hayo, tunadai mambo yafuatayo:

1. Mamlaka za forodha za nchi zote mbili zitoe maelezo ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na kuyabandika kwenye madirisha ya Busia na Malaba, yakieleza kwamba vijisanamu vya karatasi vya kuchezea na kufundishia, visivyo vya kuuza, ni vitu vya binafsi na havitozwi. Idadi ya juu ya kurasa itajwe, ili afisa na msafiri wasome jambo moja.

2. Kwa mchoraji anayetaka kuuza kazi yake mwenyewe ng'ambo, vijisanamu vya karatasi vitajwe waziwazi katika orodha ya utaratibu mwepesi orodha hiyo itakapopitiwa tena.

3. Ofisi za biashara za kaunti na wilaya, zinapohuisha leseni za maduka ya kuchapisha, zidai tangazo ukutani lenye amri tatu: chapa kwa asilimia 100 ya ukubwa, futa faili mbele ya mteja, usiuze mchoro bila idhini ya maandishi.

4. Taasisi za hakimiliki za Kenya na Uganda zifike mpakani walau mara moja kwa mwaka, zifundishe, zisajili kazi, na zituambie mlalamikaji wa Tororo aende wapi mchoro wake ukiuzwa Busia ya Kenya. Kwa sasa kila upande humwelekeza kwa mwingine.

5. Polisi, askari wa kaunti, machifu na wenyeviti wa LC waulize kwanza kama mezani kuna fedha. Kama hakuna, waache watu wacheze. Vifaa vilivyochukuliwa virudishwe.

6. Idara za elimu ziruhusu kila shule iliyo tayari kutoa chumba kimoja mchana mmoja kwa wiki. Hatuombi fedha za shule.

7. Fedha za vijana zilizotengwa tayari katika bajeti zitumike kununua printa moja ya rangi na mashine moja ya kukatia karatasi kwa kila upande, ziwekwe mahali pa umma, na kila mtumiaji alipie wino wake.

SEHEMU YA NNE: AHADI ZETU

Anayedai haki hana budi kutimiza wajibu. Tunaahidi kuandika jina la mchoraji, mwaka na masharti ya matumizi kwenye kila ukurasa. Tunaahidi kutoa kila mchoro kwa namna mbili, ya rangi na ya mistari mitupu, ili asiye na pesa za wino apake kwa penseli. Tunaahidi kuweka mstari wa sentimita 10 pembeni mwa ukurasa, mhudumu aupime kwa rula kabla hajachapa kurasa nyingine. Tunaahidi kutochora kabila lolote kwa kejeli, na kumwonyesha mzee wa jamii husika kila mchoro wa mavazi, ngoma au ibada kabla haujatumwa. Hatutaruhusu fedha mezani, na milango ya vikao vyetu itakuwa wazi kwa mzazi, chifu au askari anayetaka kutazama, au kuvuta kiti acheze.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 60, kila ofisi ikijibu dai linaloihusu. Ofisi itakayoona dai letu haliwezekani itueleze sababu yake, nasi tutalipitia upya. Itakayokaa kimya, tutaileta risala hii mbele yake kwa mara ya pili, tukiwa na orodha ya bahasha zilizozuiwa na michoro iliyouzwa, tarehe kwa tarehe.

Tunawasilisha kwa heshima,

Wachora vijisanamu vya karatasi na wachezaji wa michezo ya mezani, Busia na Tororo