Mchanga wa Ziwa Nyasa katika Somo la Joto

Katika shule nyingi somo la mpitisho wa joto huishia kwenye orodha mbili: metali ni vipitishi, plastiki ni vihami. Mwanafunzi huzikariri, akapata alama zake, na jambo likaishia hapo. Sisi twaona kwamba orodha hizo hazitoshi, kwa kuwa vitu vingi tunavyotumia ni michanganyiko.

Tuchukue taa ya LED, itumikayo leo hata kwa umeme wa jua. Joto lake lisipoondolewa, maisha yake hufupika. Plastiki ya kuifunika ni nyepesi na rahisi kufinyangwa, lakini alumini huishinda takriban mara 1,000 kwa kupitisha joto. Kwa hiyo viwandani huchanganywa plastiki na unga wa grafiti, au wa boroni nitridi pale umeme usipotakiwa kupita. Unga kidogo haufai sana: chembe hukaa mbalimbali kama visiwa, na joto hulazimika kuvuka plastiki iliyo katikati. Zikiwa nyingi hata zikagusana, joto hupata njia. Zikizidi mno, mchanganyiko huwa mgumu kufinyanga na mwepesi kuvunjika.

Je, mwalimu wa Mbinga au Liuli asiye na maabara atalionyeshaje jambo hili? Mchanga wa ufukweni watosha. Ajaze makopo mawili yaliyo sawa, moja mchanga mkavu, la pili mchanga ulioshiba maji. Yakiwa na halijoto moja, ayasimamishe katika sufuria ya maji ya moto, kila moja na kipimajoto katikati. Kipimajoto cha mchanga wenye maji kitapanda mapema zaidi. Chembe ni zile zile. Kilichobadilika ni kilicho kati yake. Hewa hupitisha joto vibaya, na maji huishinda zaidi ya mara 20. Ndiyo maana viwandani viputo vya hewa ndani ya plastiki huogopwa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya vyuo vikuu. Hatukubaliani nao. Kijana atakayetengeneza simu au taa kesho hatasaidiwa na orodha. Atasaidiwa na swali moja alilozoeshwa kuuliza: joto lapita njia gani, na ni nini kinachoikata? Walimu wenzetu, tuanze na swali hilo. Orodha zifuate baadaye.