Msiuze Maksai kwa Ajili ya Jina

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yakisha kutangazwa, huku kwetu Chala husikika mazungumzo ya namna moja, mnadani, kisimani, na hata nje ya kanisa baada ya Misa. Mzazi humwuliza mwenzake, "Kijana wako aenda chuo gani?" Akijibu kwamba aenda kusomea stashahada, au chuo cha Serikali kilicho hapa karibu, watu huitikia tu na kupita. Lakini akitaja chuo kikuu cha binafsi kilicho katika mji mkubwa, chenye majengo ya vioo na ada ya kutisha, hapo watu hutikisa vichwa kwa kustaajabu, kana kwamba ukubwa wa ada ndio ukubwa wa elimu. Neno hili twaliona ni kosa, na leo tumekusudia kulipinga waziwazi.

Wala hatusemi kama watu wasio na hatia. Miaka michache iliyopita jirani yetu mmoja alikuja kutuuliza shauri juu ya mwanawe. Sisi walimu tulilisifu jina la chuo, hatukuuliza gharama yake. Mzee yule akauza maksai wake wanne na plau, akalipa ada ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili hakuwa na maksai wa kulima, kwa hiyo hakuwa na mahindi ya kuuza, kwa hiyo hakuwa na ada. Kijana akazuiliwa mtihani, akarudi nyumbani. Dada yake aliyekuwa akingoja zamu yake ya kusoma angali akingoja hata leo. Hivyo nyumba moja ikapoteza shamba, na mtoto, na mtoto wa pili. Tangu siku ile tumejua ya kuwa kusifu bila kuhesabu ni dhambi ya mwalimu.

Hata hivyo hatuvichukii vyuo vya binafsi, maana kufanya hivyo ni kukosa shukrani. Chuo kikuu cha kwanza nchini kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kilianza na wanafunzi 13 wa sheria. Na kwa miaka mingi nafasi zilikuwa chache mno. Sheria ya elimu ilipobadilishwa mwaka 1995, njia ikafunguka kwa madhehebu na watu binafsi. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino huko Mwanza kilianza mwaka 1998, juu ya msingi wa chuo cha Nyegezi kilichoanzishwa mwaka 1960 na Askofu Blomjous wa shirika la White Fathers, mapadre wale wale waliofika Karema mwaka 1885 na kuwafundisha babu zetu kusoma. Watu wengi wema wametoka katika vyuo vya namna hiyo. Tunalopinga ni mzazi kununua jina kwa mali ambayo ndiyo riziki ya nyumba nzima.

Kwanza, ada si kipimo cha elimu. Chuo cha Serikali na chuo cha binafsi vyote viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, nayo hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo chenye orodha ya masomo yaliyoidhinishwa na alama zinazotakiwa. Mwajiri wa Serikali atangazapo kazi hutaka shahada ya chuo kinachotambuliwa, kisha humpima mtu kwa usaili. Hamwulizi baba yake alilipa kiasi gani. Wala vioo vya majengo si dhamana. Mwaka 2016 Tume ilifuta kibali cha chuo kimoja cha binafsi huko Songea, na wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Basi kabla ya kutazama majengo, tazameni kitabu.

Pili, hesabu ya mwaka mmoja si hesabu. Tuseme chuo chataka ada ya shilingi 1,600,000 kwa mwaka, na mkopo wa Bodi walipia 1,000,000. Salio ni 600,000. Tuseme tena gunia la mahindi lauzwa 50,000: hayo ni magunia 12 kwa mwaka, magunia 36 kwa miaka mitatu, kabla ya chumba, chakula, vitabu, na nauli ya kutoka Ufipa mpaka huko. Ni nani kati yetu awezaye kutoa magunia 36 na bado watoto waliobaki wale ugali?

Tena mkopo wenyewe si sadaka. Tangu sheria ilipogeuzwa mwaka 2016, mwajiriwa aliyekopa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Mwenye mshahara wa 700,000 hukatwa 105,000 kila mwezi. Deni si aibu kama limenunua elimu ya kweli. Bali ni mzigo wa bure kama limenunua jina.

Mtu atatujibu, "Vyuo vya Serikali vimemkataa mwanangu, nifanyeje?" Swali hili ni la haki. Maombi hufunguliwa kwa awamu zaidi ya moja. Aliyekosa katika ya kwanza na aombe tena, na achague somo linalolingana na alama zake. Asipuuze vyuo visivyo na sifa ya mji mkubwa: Chuo Kikuu cha Sokoine kina ndaki yake ya Mizengo Pinda katika mkoa wa Katavi, jirani zetu. Wala asione haya kuanza na stashahada ya ualimu, uuguzi au kilimo, kisha kupanda ngazi akiwa na kazi mkononi. Na ikiwa chuo cha binafsi kina somo lililoidhinishwa, na gharama ya miaka yote imeonekana bila kuuza kinacholisha nyumba, basi na aende kwa amani. Sisi tutakuwa wa kwanza kumpongeza.

Nanyi vijana, msiwatishe wazazi wenu kwa machozi, mkisema mtachekwa na wenzenu. Kicheko cha wenzenu chaisha kwa wiki moja. Njaa ya wadogo zenu haiishi hivyo.

Sote twakijua kisa cha Injili cha mtu aliyetaka kujenga mnara, akapaswa kuketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akachekwa kwa kuweka msingi asiweze kumaliza. Basi, wazazi, ketini na watoto wenu usiku mmoja, na karatasi na kalamu, mwandike miaka yote mpaka wa mwisho. Maksai na wangoje zizini mpaka hesabu ile iishe.